Halifax Tatu, Majibu Matatu: Ndege ya Vita Inapoingia Makumbusho, Nini Hasa Kinahifadhiwa?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Uingereza viliunda zaidi ya ndege 6,000 za kudondosha mabomu aina ya Handley Page Halifax. Leo hii anayetaka kuiona Halifax kwa macho yake ana sehemu tatu tu za kwenda: Hendon, kaskazini mwa London, Elvington, karibu na mji wa York, na Trenton, jimbo la Ontario nchini Kanada. Akizizungukia zote tatu atarudi na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo, kwa sababu ndege hizo za ukoo mmoja zimetendewa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo, na kila makumbusho yana hoja yake.

Ya Hendon ina namba W1048. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1942 iliruka kutoka Scotland kwenda kuishambulia manowari ya Kijerumani, Tirpitz, iliyokuwa imejificha kwenye ghuba za Norway. Ikapigwa, ikashika moto, na rubani akaona afadhali aiteremshe kwa tumbo juu ya Ziwa Hoklingen, ambalo maji yake yalikuwa yameganda. Wote waliokuwamo wakatoka hai. Wakashika njia kwa miguu kuelekea Sweden, nchi ambayo haikuwa na upande vitani, isipokuwa fundi wa injini aliyevunjika kifundo cha mguu. Huyo alibaki nyuma akakamatwa. Barafu ikaachia, ndege ikazama. Mwaka 1973 wapiga mbizi wakaiopoa. Na hivyo ilivyotoka majini ndivyo ilivyo ukumbini mpaka leo: bati limetoboka, mbavu za ndani ziko wazi, rangi imebaki mabaka mabaka.

Ya Trenton, NA337, nayo ilizama Norway. Ilikuwa Aprili 1945, wiki chache tu kabla vita havijaisha Ulaya. Ilikuwa imepeleka silaha kwa wapiganaji wa Norway waliokuwa wakiwapinga Wajerumani kwa siri, ikatunguliwa, ikaangukia Ziwa Mjøsa. Ndani yake walikuwa watu sita na watano wakafa. Mwaka 1995 ilivutwa kutoka kina cha zaidi ya mita 200, ikasafirishwa hadi Kanada, na miaka kumi baadaye ikasimama ndani ya jengo lake ikiwa inameta, imepakwa rangi, kioo kwa kioo, kana kwamba imetoka kiwandani jana.

Ya Elvington ndiyo kichekesho cha familia, na ninaipenda kwa sababu hiyo. Sehemu ya kiwiliwili chake ilitoka kisiwa cha Lewis huko Scotland, ambako mkulima mmoja alikuwa ameigeuza banda la kuku. Mabawa ni ya ndege nyingine, Hastings, iliyoundwa na kampuni hiyo hiyo baada ya vita. Injini zilipatikana Ufaransa. Vilivyokosekana vilichongwa upya. Kisha ikapewa jina na alama za Halifax maarufu iliyoitwa “Friday the 13th”, yaani Ijumaa tarehe 13, iliyokwenda vitani mara 128 bila kuangushwa, kisha vita vilipokwisha ikakatwakatwa ikawa chuma chakavu. Hii ya kuungaunga ilizinduliwa tarehe 13 Septemba 1996. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, bila shaka.

Sasa ipi ndiyo Halifax ya kweli? Watu wanaofanya kazi hii wanagombana juu ya swali hilo tangu zamani, na ugomvi wenyewe hautokani na ukaidi. Unatokana na jambo moja ambalo mgeni akiingia makumbusho halioni: kila unapoirudisha ndege katika hali yake ya mwanzo, unafuta kitu. Bati lililooza ukilitoa na kuweka jipya, umepata umbo na umepoteza ushahidi. Ukiliacha, umebaki na ushahidi, lakini mtoto wa shule anayepita mbele yake haelewi anaangalia nini. Hakuna namna ya kupata vyote viwili kwa kitu kile kile.

Ndiyo maana swali la kwanza katika karakana nzuri halihusu spana wala rangi. Ni hili: tunataka ndege hii ionyeshe siku ipi ya maisha yake? Ndege ya vita haina hali moja ya “mwanzo”. Ilitoka kiwandani na rangi moja. Ikafika kikosini ikapakwa nyingine. Ikapigwa risasi, ikazibwa viraka, ikabadilishwa injini, ikapakwa tena ilipohamishiwa nchi nyingine. Vita vikaisha, ikasimamishwa nje ya lango la kambi kama pambo, ikapakwa mara nyingi zaidi na askari waliopewa brashi na ndoo bila picha ya kuigia.

Tabaka hizo zote zinasomeka, mtu akiwa na subira. Fundi huchagua mahali pasipoonekana sana, akapiga msasa laini sana kwenye duara dogo, akiteremka taratibu kutoka juu hadi kwenye metali. Zikitokeza, rangi zinakuwa pete ndani ya pete: kijivu cha juu cha juzi, kijani cha kati, kijani kingine kilichokolea, kisha ile rangi ya kuzuia kutu ya manjano iliyochanganyika na ukijani ambayo Wamarekani walikuwa wakiipaka kiwandani, halafu alumini yenyewe. Kila pete inapigwa picha na kuandikwa. Duara hilo dogo laweza kumaliza ubishi ambao wazee wa kikosi wamekuwa nao kwa miaka.

Mfano mzuri ni Memphis Belle, ndege ya Kimarekani aina ya B-17. Mei 1943 watu wake walitimiza safari 25 za kushambulia Ulaya, idadi iliyowaruhusu kurudi nyumbani, na wao na ndege yao wakazungushwa Marekani nzima kuhamasisha wananchi wanunue hati za dhamana za kugharimia vita. Baadaye ndege ikakaa mjini Memphis kwa miongo mingi, muda mwingi ikiwa nje, ikinyeshewa na kuibiwa vifaa. Mwaka 2005 ikahamishiwa Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, karibu na Dayton, Ohio. Mwaka 2011, mafundi walipokuwa wakiondoa rangi nyuma ya kiwiliwili, wakakuta mamia ya majina na salamu zilizochorwa kwa ncha kali juu ya bati. Yalikuwa majina ya watu wa kawaida waliokuja kuitazama kwenye ile ziara ya 1943. Kama wangeipitishia mashine ya kung'oa rangi huku wakiwaza chakula cha mchana, majina hayo yangekuwa vumbi kabla ya jioni. Ndege hiyo iliwekwa mbele ya umma tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili tangu watu wake watimize safari yao ya 25.

Kuna ndege nyingine ambayo uamuzi wake ulikuwa mgumu zaidi, nayo ni Flak-Bait, ndege ya Kimarekani ya kudondosha mabomu aina ya B-26 Marauder, iliyoko Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani. Ilikwenda vitani zaidi ya mara 200 na kurudi na matundu zaidi ya 1,000. Sogea karibu na ubavu wake uone: kipande cha bati cha mraba, kingine cha duara, kingine kimewekwa juu ya kiraka cha zamani, ribiti zake, yaani vile vipini vya metali vinavyoshikanisha mabati, hazijanyooka kwa sababu aliyezipiga alikuwa anakimbizana na safari ya kesho alfajiri. Rangi imefifia, imechubuka, michoro ya mabomu inayohesabu safari imepauka. Fundi yeyote hodari angeweza kuinyoosha ikapendeza. Smithsonian waliamua wasiinyooshe: wasafishe, wazuie uozo usiendelee, wafunge kilicholegea, basi. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa heshima kuliko yote niliyoyataja hapa, kwa sababu kile kiraka kilichopinda ndicho kinachokwambia vita vilikuwaje.

Hata hivyo si kila mara hiari iko mikononi mwa binadamu. Mara nyingi metali ndiyo inayoamua.

Ndege nyingi za enzi ile zilivikwa bati la duralumini, aloi iliyogunduliwa na Mjerumani Alfred Wilm mwanzoni mwa karne ya 20. Ni alumini yenye shaba kiasi cha asilimia 4 hivi, na magnesiamu na manganisi kidogo. Shaba ndiyo inayoipa nguvu, na shaba hiyo hiyo ndiyo inayoiponza. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na iliyo dhaifu huliwa. Ndani ya bati la duralumini hali hiyo inatokea kwenye chembechembe zisizoonekana kwa macho. Palipo na boliti ya chuma inatokea kwa ukubwa. Hutaona wekundu wa kutu ya chuma. Utaona unga mweupe, na unga huo unahitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo unajaa kati ya mabati mawili yaliyolaliana, unayatanua, mpaka vichwa vya ribiti vinafyatuka. Kwa nje ndege inaonekana nzima kabisa. Bonyeza kwa kidole gumba, kinazama.

Ndiyo sababu maziwa ya Norway yamerudisha ndege nzuri vile: maji baridi, yasiyo na chumvi, yenye oksijeni haba chini kabisa. Bahari ni habari nyingine. Tarehe 10 Juni 2013 Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza yaliinua kutoka fungu la mchanga la Goodwin Sands, pwani ya Kent, ndege ya Kijerumani aina ya Dornier Do 17 iliyoangushwa mwaka 1940. Ilikuwa imelala kifudifudi, magurudumu juu, imefunikwa na viumbe wa baharini. Hakuna Do 17 nyingine inayojulikana kubaki duniani ikiwa karibu nzima namna hiyo.

Hatari yake kubwa ilianza pale ilipotoka majini. Chini ya mchanga, bila hewa, chumvi iliyojipenyeza kwenye bati ilikuwa imetulia. Juu kwenye hewa, chumvi, unyevu na oksijeni vikikutana, uozo unaweza kwenda kasi kwa wiki chache kuliko ulivyokwenda kwa miaka. Kwa hiyo ilipofika Cosford, katikati ya Uingereza, haikuruhusiwa kukauka. Iliwekwa ndani ya mahema mawili marefu ya plastiki, mabawa upande mmoja na kiwiliwili upande wa pili, ikawa inanyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki, ile inayolifanya limau liwe chachu. Wanasayansi wa Imperial College London ndio waliopima kipimo chake: ukali wa kutosha kulegeza magamba na kuitoa chumvi, lakini si wa kuila alumini. Vinyunyizio vilifanya kazi kwa miezi na miezi, huku watu wakikwangua kwa mikono magamba yaliyolegea. Na pamoja na yote hayo, hakuna aliyewahi kuahidi kwamba ile Dornier itang'aa. Ilikusudiwa ibaki kama ilivyotolewa, kwa sababu bati lake limekuwa jembamba mno kuweza kunyooshwa.

Kwetu Afrika Mashariki hali ya hewa ilitoa somo kama hilo mapema zaidi. Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege za majini kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Zilikuwa za mbao, turubai na gundi. Joto na unyevu vikaiyeyusha gundi, mbao zikapinda, na ndege za kwanza zikawa mzigo badala ya msaada; ilibidi ziletwe nyingine, na uwanja ukatengenezwa kisiwani Mafia, kabla ya Julai mwaka huo rubani na msaidizi wake kuweza kuelekeza mizinga kutoka angani hadi manowari ikamalizwa. Mzinga wa Königsberg unaweza kuutazama leo Fort Jesus, Mombasa, kwa sababu chuma kizito huvumilia. Ndege zilizoiwinda manowari hiyo hazina hata moja ya kutazamwa.

Tuingie karakana kidogo, maana huko ndiko pesa na miaka vinakokwenda. Ndege kubwa ya kudondosha mabomu ina ribiti mamia ya maelfu. Ya zamani huitoi kwa patasi. Unatoboa kichwa chake katikati kabisa kwa keekee nyembamba, ukipotea nusu milimita umelipanua tundu la asili, kisha unagonga shina litoke. Kupiga mpya kunataka watu wawili wanaosikilizana: mmoja nje na nyundo ya upepo, mwingine amejikunja ndani ameshika kipande kizito cha chuma nyuma ya ribiti ili mkia wake ubondeke sawasawa. Baadhi ya ribiti za aloi hiyo zikishapashwa moto na kuzamishwa majini huwa laini kwa muda mfupi tu, halafu zinakuwa ngumu zenyewe. Kwa hiyo zinatunzwa kwenye friza, zinatolewa chache chache, na ukichelewa zinapasuka chini ya nyundo. Wakati wa vita viwandani mambo yalikuwa hivyo hivyo.

Kuna hatari ambazo mgeni hazifikirii. Saa na vipimo vya chumba cha rubani vilipakwa rangi yenye radiamu ili visomeke gizani. Leo havimeremeti tena, na wengi hudhani vimekufa. Kilichokufa ni ile kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua hadi nusu baada ya miaka 1,600, na inatoa gesi ya radoni ambayo hukusanyika ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa hiyo makumbusho makini huvitoa vipimo hivyo, au huvifunga na kuvipima kila mara, na fundi hagusi kioo kilichopasuka bila glavu na barakoa. Ongeza asbesto kwenye vizuia joto, na uwezekano wa risasi zilizobaki ndani ya mabawa. Matairi nayo: ndege ikikaa miaka juu ya mpira wake, mpira unakufa, ndiyo maana ukichungulia chini utaona nyingi zimebebwa na stuli za chuma.

Halafu kuna ule upande ambao msasa hauufikii. Enola Gay, ndege ya Kimarekani iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima, ilichukua saa zipatazo 300,000 za kazi kurudishwa katika hali yake. Mwaka 1995 Smithsonian walipopanga kuionyesha pamoja na maelezo ya kilichowapata watu wa Hiroshima, maveterani na wanasiasa walikuja juu, maonyesho yakapunguzwa yakabaki sehemu ya mbele ya ndege na maneno machache, na mkurugenzi wa makumbusho, Martin Harwit, akajiuzulu. Tangu 2003 iko nzima, ikimeta, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, nje ya Washington. Mng'aro ule ni kazi ya mikono ya hali ya juu. Lakini bati linalong'aa nalo linasema jambo, na makumbusho hayawezi kujifanya kwamba yenyewe yamepaka mafuta tu.

Linabaki suala la kuruka. Mashabiki wengi watakwambia ndege isiyoruka ni maiti, na mtu aliyewahi kusikia injini nne za zamani zikiwaka kwa pamoja anawaelewa. Ila kuruka kuna masharti. Mamlaka za anga hazijali historia ya kipande cha bati. Zinajali kama kitabeba uzito. Kila kilichochoka kinang'olewa. Zipo Spitfire, ndege za mapambano za Uingereza, zinazoruka leo ambazo kilichobaki cha 1940 ni kibati cha utambulisho na vipande vichache, vingine vyote vipya. Ni kama daladala iliyobadilishwa injini, bodi, ekseli na viti, ikabaki na namba ya usajili. Kisheria ni ile ile, na dereva ataapa ni ile ile.

Hatari nayo si ya nadharia. Oktoba 2019 B-17 iliyokuwa imebeba abiria ilianguka Connecticut, watu saba wakafa. Novemba 2022 B-17 nyingine ikagongana na ndege ndogo ya mapambano kwenye maonyesho ya Dallas, wakafa sita, na ndege mbili adimu zikaisha kwa sekunde. Mwaka uliofuata mamlaka ya Marekani ikaagiza B-17 zilizobaki zikaguliwe viungo vya mabawa, baada ya nyufa kuonekana.

Waingereza, kwa upande wao, wamefikia mgawanyo wa kazi ambao naona una akili. Lancaster, ndege ya kudondosha mabomu, inayorushwa na kikosi chao cha kumbukumbu, namba PA474, iliundwa mwaka 1945 ikachelewa vita. Haikuwahi kudondosha bomu hata moja, kwa hiyo kila kinachobadilishwa ndani yake hakifuti kovu la mtu. Lancaster R5868, iliyokwenda vitani mara 137, iko chini ya paa Hendon, na hakuna anayefikiria kuiwasha.